Mafua Hayarudi Yaleyale

Mwezi Julai uwanda wa Ufipa huwa na baridi inayopenya blanketi mbili. Upepo unavuma kutwa bila kizuizi, na jioni watu hukusanyika jikoni kuzunguka moto, mlango umefungwa, moshi na pumzi zao vikichanganyika. Karibu kila nyumba ina mtu anayekohoa. Miaka niliyofanya kazi ya uuguzi Kate, wilayani Nkasi, miezi hiyo ndiyo iliyojaza benchi letu tangu alfajiri. Mtoto ungemsikia kabla hujamwona: kifua kinakoroma ndani ya sweta, chini ya kanga, mgongoni mwa mama yake. Tulimvua, tukahesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa aliyefikisha mwaka, hicho ni kichomi, aanze dawa.

Chumba cha pili, siku hizohizo, kulikuwa na kliniki ya chanjo. Ndipo bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake kwa sindano ya surua akaniuliza swali ambalo sijaacha kulifikiria.

"Hii ni ya nini, mwanangu?"

"Ya surua, bibi."

"Surua siku hizi hatuioni. Kinachotumalizia watoto ni mafua na kichomi. Ya mafua iko wapi?"

Nikamwambia ipo, ila haimo kwenye orodha ya chanjo tunazoletewa, na zaidi ya hapo hutengenezwa upya kila mwaka kwa sababu mafua yenyewe hubadilika. Bibi akamfunga mtoto mgongoni, akanitazama kwa huruma, akasema: "Dawa inayobadilishwa kila mwaka, hiyo nayo ni dawa?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mkononi mwangu nilikuwa nimeshika mfano wa chanjo isiyohitaji kubadilishwa. Mwaka 1954, huko Boston, Marekani, maabara ya John Enders ilipata virusi vya surua kutoka kwa mvulana aliyeitwa David Edmonston. Kutokana na virusi hivyo ilitengenezwa chanjo iliyoanza kutumika mwaka 1963, na uzao wao ndio ulio katika chanjo nyingi za surua duniani hadi leo. Tanzania tunaitoa pamoja na ya rubela tangu 2014, dozi ya kwanza mtoto akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Miaka zaidi ya 60 imepita na chanjo ile bado inakinga, kwa sababu sehemu za kirusi cha surua zinazotambuliwa na kinga ya mwili ni zilezile kinazotumia kuingia ndani ya seli. Zikibadilika sana, kirusi chenyewe kinashindwa kuishi.

Kirusi cha influenza, yaani mafua halisi, hakina kizuizi hicho. Juu yake kuna protini mbili: hemaglutinini, inayokishikiza kwenye seli za koo na mapafu, na nyuraminidasi, inayowasaidia watoto wake kujinasua na kwenda kushambulia seli nyingine. Ndizo H na N tunazozisikia redioni. Kwa influenza A zimekwisha kujulikana angalau aina 18 za H na 11 za N, na makao ya asili ya karibu zote ni bata wa porini na ndege wengine wa majini. Kichwa cha hemaglutinini, mahali hasa ambapo kingamwili zetu hushika, kinaweza kubadilika sehemu nyingi na bado kirusi kikaendelea kuambukiza.

Mabadiliko hayo huanzia kwenye kunakili. Maagizo ya urithi ya kirusi yameandikwa kwenye vipande 8 vya RNA, na kimeng'enya kinachovinakili hakirudi nyuma kusahihisha. Wanaokumbuka kwaya za parokia kabla ya mashine za fotokopi wataelewa. Mwanakwaya mpya alinakili nyimbo kwa mkono kutoka daftari la mwenzake, na anayemfuata akanakili kutoka kwake. Neno moja likikosewa, wimbo bado unaimbika. Baada ya madaftari mengi kuna ubeti ambao mwalimu wa kwanza wa kwaya asingeutambua. Ndivyo mafua yanavyobadilika mwaka hadi mwaka, polepole, kosa moja juu ya jingine, na kinga tuliyoipata zamani inabaki na daftari la zamani. Lakini kuna badiliko la aina nyingine. Virusi viwili tofauti, tuseme kimoja cha ndege na kimoja cha binadamu, vikiingia katika seli moja, vipande vyao 8 na 8 huweza kuchanganyika, kama mtu aliyeyachana madaftari ya kwaya mbili na kuzishona kurasa zake kuwa daftari moja. Kinachozaliwa hapo ni kirusi ambacho umma mzima haujawahi kukutana nacho.

Ufipa iliwahi kupitiwa na kirusi kigeni kwa watu wote. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwisha Ulaya, jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha jeshi lake Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, ng'ambo tu ya mpaka wetu na Zambia. Alikuwa na askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100, pamoja na wapagazi, wanawake na watoto. Walipelekwa Kasanga, bandari ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, wakapandishwa meli hadi Kigoma, kisha wakaingia kwenye treni kuelekea Tabora na Dar es Salaam. Mafua yalikuwa yameshaingia upande huu wa dunia kwa njia mbili: kwa meli hadi Mombasa mwezi Septemba, na kutoka Cape Town kwa reli hadi Rhodesia mwezi Oktoba. Vita vilikuwa vimeyaandalia mafua watu waliokonda, wanaolala kwa kubanana na kusafirishwa kwa mabehewa. Watu waliookoka miaka minne ya risasi, njaa na malaria walikufa kwa mafua njiani na kambini, askari, wapagazi na Wajerumani vilevile. Duniani kote inakadiriwa kwamba theluthi moja ya watu waliambukizwa na wapatao milioni 50 wakafa.

Nikiufikiria mwaka huo, humfikiria Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa utotoni na kuuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kasanga. Hapo alitibu watu hadi uzee wake. Mwaka 1918 hakuna tabibu, awe wa Karema au wa London, aliyejua kwamba ugonjwa ule uliletwa na virusi. Wengi walilaumu bakteria. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1933, pale Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walipofanikiwa huko London kuvikamata virusi vya mafua ya binadamu kwa kuwaambukiza feret, wanyama wadogo wa jamii ya kicheche. Atiman alifariki 1956. Mwaka uliofuata, 1957, mchanganyiko wa virusi vya ndege na vya binadamu ukazaa H2N2, ukaizunguka dunia. Mwaka 1968 ikaja H3N2, ambayo haijaondoka mpaka leo, na ndiyo inayobadilika haraka kuliko zote na kuwaumiza zaidi wazee.

Janga la nne nililishuhudia mwenyewe. Tarehe 11 Juni 2009 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba H1N1 mpya, iliyochanganya vipande vya virusi vya nguruwe, ndege na binadamu, imekuwa janga la dunia. Julai ikathibitishwa Tanzania. Baadaye mwaka huo tukasikia mlipuko umeripotiwa wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Jambo moja katika taarifa za nchi nyingi lilinishangaza: vijana waliugua sana kuliko kawaida ya mafua, na wazee wengi wakapona bila shida. Sababu ilipopatikana niliisoma mara mbili. Watu waliozaliwa kabla ya 1957 walikuwa wamekulia kwenye uzao wa kile kirusi cha 1918, na miili yao ilibaki na kumbukumbu iliyofanana vya kutosha na H1N1 mpya. Maambukizi ya utotoni yalikuwa yamewakinga uzeeni. Kinga ya mtu ni historia yake, na ya kijiji ni historia ya waliozaliwa mwaka gani.

Chanjo ya janga lile ilihitaji kama miezi sita kutengenezwa. Nchi tajiri zilipopata dozi za kutosha, mawimbi makubwa yalikuwa yamepita. Shirika la Afya Duniani liligawa dozi milioni 78 za msaada kwa nchi 77, na nyingi zilifika 2010, mwaka ambao janga lilitangazwa kwisha mwezi Agosti. Hilo linaniuma hadi leo. Haitoshi chanjo iwe nzuri, lazima imtangulie mgonjwa.

Sasa nirudi kwenye hoja kwamba chanjo inayobadilishwa si dawa, maana nimeisikia pia kutoka kwa watu waliosoma, na iliongezeka sana baada ya Julai 2021, chanjo ya Uviko ilipozinduliwa nchini na watu wakaona majina ya aina mpya za kirusi yakifuatana redioni.

Chanjo za kwanza za mafua walipewa askari wa Marekani katikati ya miaka ya 1940 na zilifanya kazi vizuri. Mwaka 1947 zikashindwa kabisa. Dawa haikuharibika na wauguzi hawakukosea sindano, bali H1N1 ya mwaka ule ilikuwa imeshaachana mno na ile iliyomo kwenye chupa. Somo hilo lilichangia kuanzishwa, mwaka 1952, kwa mtandao wa maabara wa Shirika la Afya Duniani unaokusanya virusi vya mafua kutoka kila bara. Mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, wataalamu wake hukaa na kuamua virusi gani viwekwe kwenye chanjo ya msimu ujao. Huamua miezi kadhaa kabla, kwa sababu viwanda vinahitaji muda huo. Wanachokifanya ni kukisia kwa ushahidi, na katika ile miezi kirusi hakisimami kuwangoja.

Mwaka 2014 walichagua H3N2 iliyoitwa A/Texas/50/2012. Msimu ulipofika, sehemu kubwa ya H3N2 iliyokuwa ikizunguka ilikuwa imehama, ikifanana zaidi na A/Switzerland/9715293/2013. Marekani, ufanisi wa chanjo msimu ule ulikuwa asilimia 19 tu. Kuna tatizo jingine ambalo watu wengi hawalijui: virusi vya chanjo nyingi hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, na H3N2, ili kustawi kwenye yai, wakati mwingine hubadilisha hemaglutinini yake. Kinachotoka kiwandani kinakuwa kimetofautiana kidogo na kilichoingia. Ndiyo maana baadhi ya viwanda vimehamia kwenye seli au kutengeneza protini yenyewe bila yai, na naona huko ndiko kwa kwenda.

Chanjo ikilingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kumfuata daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Kwa muuguzi aliyezoea surua, namba hiyo inaonekana ndogo. Lakini maana yake ni kwamba kati ya watu 100 ambao wangelala kitandani kwa influenza, 40 hadi 60 hawakulala. Ugonjwa huu kila mwaka huua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani kwa matatizo ya kupumua, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani. Punguza hata theluthi moja ya idadi hiyo uone ni makaburi mangapi hayakuchimbwa. Tena mtu akisema "nilichanjwa na bado nimepata mafua", mara nyingi anasema kweli kuhusu pua yake na kukosea kuhusu chanjo. Vipo virusi vingi vinavyoleta makamasi na kikohozi ambavyo si influenza, na chanjo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka Soweto, Afrika Kusini. Mwaka 2011 na 2012 wajawazito walichanjwa dhidi ya mafua katika utafiti ulioongozwa na Shabir Madhi. Kwa wale wasio na virusi vya ukimwi, influenza ilipungua karibu nusu kwa akina mama, na karibu nusu kwa watoto wao wachanga. Mtoto wa chini ya miezi 6 hachanjwi mafua, mwili wake bado. Kinga yake inatoka kwa mama kabla hajazaliwa. Watoto wa umri huo ndio walionifanya nikose usingizi Kate, wale ambao pumzi zao unazihesabu huku ukiomba. Virusi vinapouma utando wa mapafu, bakteria huingia kwa urahisi. Tangu 2013 Tanzania tunatoa chanjo ya nimokoka, bakteria wa kichomi, nayo imetusaidia kuufunga mlango mmoja. Mlango wa influenza bado uko wazi.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo miaka ya Kate ilinifundisha kuliko vitabu. Majina ya virusi vya chanjo huandikwa kwa mahali vilipopatikana, namba na mwaka: A/California/7/2009, B/Phuket/3073/2013, A/Darwin/9/2021. Afrika imo mara chache. A/Johannesburg/33/94 ilikuwemo kwenye chanjo ya kaskazini ya 1995. Kirusi kisichochukuliwa sampuli hakiingii kwenye kikao cha Februari wala cha Septemba, hata kikiwa kimekohowa na wilaya nzima. Katika kituo nilichofanyia kazi, tulihesabu pumzi, tukatoa amoksilini, tukaandika "nimonia" au "mafua" kwenye kitabu, na mgonjwa akaenda nyumbani au, siku mbaya, akapelekwa hospitali kwa gari la kuomba. Hatukuwahi kuchukua ute wa pua wa mtu yeyote ukaenda maabara. Kila Julai, historia nzima ya virusi vya uwanda wa Ufipa ilikohowa, ikapita, ikapotea.

Lakini haikuwa hivyo kila mahali. Tanzania ilianza mwaka 2008 kuchunguza mafua katika hospitali chache zilizochaguliwa, zikiwemo Mwananyamala na Haydom, sampuli zikipelekwa maabara ya taifa Dar es Salaam. Kenya ilitangulia miaka miwili. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust walisoma mpangilio wa urithi wa virusi vya mafua vilivyokusanywa kwa miaka karibu kumi kuanzia 2009, wakaonyesha kwamba virusi viliingia nchini mara nyingi kutoka nje, kisha vikasambaa ndani kwa ndani. Tulidhani mafua ni ya upepo wa Julai. Kilifi imetuonyesha kwamba ni ya barabara, mabasi na bandari. Na sisi watu wa ikweta na karibu yake hatuna msimu mmoja kama Ulaya, virusi huzunguka karibu mwaka mzima. Kwa hiyo hata kujua chanjo ipi itufae, ya kaskazini au ya kusini, na itolewe mwezi gani, kunahitaji takwimu zetu wenyewe. Hakuna mtu wa maabara za Atlanta au Melbourne atakayetukokotolea hilo kama hatumpelekei kitu.

Juhudi hizi za kukusanya sampuli zinalipa. Mwaka 2020, watu walipojifungia na kuvaa barakoa, mafua yalipungua duniani kwa kiasi ambacho hakijawahi kuonekana, na ukoo mmoja wa influenza B, uitwao Yamagata, haujathibitishwa tena kuonekana tangu Machi mwaka huo. Wataalamu walingoja, wakahesabu sampuli, kisha wakaanza kuuondoa kwenye chanjo. Maabara nyingi zilihitajika ili kuweza kusema kwa uhakika kwamba kitu fulani hakipo.

Rukwa inapakana na Zambia kwa nchi kavu na Kongo kwa maji. Malori yanapanda kutoka Tunduma hadi Sumbawanga, maboti yanavuka ziwa, na bonde la Ziwa Rukwa lina ndege wa majini kwa makundi. Mwaka 2017 mafua ya ndege ya H5N8 yaliua ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria, Uganda, na kuingia kwa kuku na bata wa kufugwa. Mahali kama petu hapastahili kuwa doa jeupe kwenye ramani ya virusi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili waziwazi. Wanaopanga afya ya taifa waweke walau kituo kimoja cha kuchukua sampuli za mafua kwenye uwanda wa Ufipa, chenye jokofu linalofanya kazi na usafiri wa kila wiki, na waanze kuwafikiria wajawazito wetu kwa chanjo ile iliyowafaa wa Soweto. Wauguzi wenzangu, anayewauliza kwa nini chanjo inabadilishwa asijibiwe kwa mkato, mpeni dakika tano na maelezo kamili, maana anayeuliza yuko tayari kusikia.

Na wewe msomaji, ukiwa mjamzito, au umri umesogea, au unaishi na pumu, kisukari au moyo, na ukapata nafasi ya chanjo ya mafua katika kliniki ya mjini au ukijiandaa kwenda Hija, muulize mhudumu ni ya msimu gani. Ikiwa ni ya msimu huu, chanjwa. Mwakani uliza tena.